Jumapili Tulipoombea Bei Ianguke

Jumatatu, Novemba 2007. Small Heath. Manyunyu.

Hii ya leo si mvua hasa, ni yale manyunyu ya Birmingham yasiyomlowesha mtu ila yanamchosha. Sina zamu leo. Nekesa ameenda kazini, Brenda yuko shule, chai imepoa mara mbili na mimi bado nimekaa mbele ya kompyuta nikitafuta pa kuanzia. Nina aibu, na moyo wangu ni mwepesi. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kiti kimoja.

Niandike upesi kabla sijaanza kujipamba.

Wasomaji wangu, ambao kwa hesabu ya blogu hii ni wanne na mmoja wao ni mimi mwenyewe, mnajua kwamba mimi ni katibu wa chama chetu cha kuchanga pesa. Tuko sita. Kuna mimi na mke wangu Nekesa. Kuna Mama Sifa, mweka hazina wetu, mama wa Bukavu ambaye haiti chama, anaita likelemba, na amekuja na wenzake wawili wa kanisani. Wa sita ni Hassan, Msomali wa Garissa aliyepitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, mwenye duka la simu Coventry Road. Tumechanga miaka mitatu kwa jambo moja tu: kukodi duka. Nekesa ashone mbele, Mama Sifa apike nyuma. Duka lenyewe tunalijua, lile lililokuwa la mazulia, limefungwa tangu mwaka jana. Tumebakiza michango ya miezi mitano.

Miezi mitano. Kwa mtu mwenye subira hiyo si kitu.

Mimi Kitale nilikuwa karani wa benki. Hapa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kule Edgbaston, na ni kazi ya heshima, ila yule karani aliye ndani yangu hajawahi kukubali kwamba amestaafu. Wakati wa mapumziko wenzangu husoma habari za mpira. Mimi husoma kurasa za biashara, na nikikuta jedwali la hisa basi chai inapoa mkononi mwangu.

Mwezi Septemba nilipita kwa Hassan kununua chaja. Akaanza kulalamika kuhusu simu za kampuni moja kubwa, ya Amerika, ambayo jina lake sitaliandika. "Hizi zimekaa hapo tangu nizilete," akaniambia. "Watu wanashika, wanauliza bei, wanarudisha. Vumbi ndiyo wateja." Alikuwa anajisemea tu, mfanyabiashara na maumivu yake. Mimi nikasikia kengele. Ile kampuni hisa zake zilikuwa zimepanda mwaka mzima, kila gazeti linaisifu, na hapa Coventry Road simu zake zinakula vumbi. Nikarudi nyumbani na chaja isiyoingia kwenye simu yangu.

Kwa Kiingereza watu wanaongojea bei ishuke huitwa dubu. Nikajiona dubu kamili, na kitambi kilikuwepo tayari.

Kuna kitu madalali wa hisa wanakiita put. Unanunua haki ya kuuza hisa kwa bei ya leo, hata kama miezi minne ijayo bei yenyewe itakuwa imezama. Ikizama, umepata, na unaweza kupata mara kadhaa ya ulichoweka. Isipozama, ile pesa uliyolipia haki imekwenda na hairudi. Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa naisema haraka sana. Nilitaka tuchukue pesa ya duka, tununue put za kampuni ile mpaka mwezi wa tatu, kisha tukodi duka na kulijaza vyerehani.

Nilimwendea kwanza Mama Sifa, kwa sababu ukimpata yeye umepata kura tatu. Nikamweleza kwa mfano. Nikasema, ni kama kukata bima ya moto ya nyumba ya jirani. Nyumba ikiungua, wewe unalipwa.

Akafikiri. "Na jirani anajua?"

Nikamwambia jirani hana haja ya kujua.

"Aya," akasema. "Basi tutaombea."

Nilidhani ni desturi ya maneno tu, kama sisi tunavyosema Mungu akipenda tukimaanisha labda.

Hassan yeye hakunizungusha. "Baba Brenda, hiyo mimi siingii. Kwanza ni kamari. Pili, wewe ukicheka hapo, nani atakuwa amelia?" Nikamwambia soko halina machozi. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kumhudumia mteja.

Sasa kanuni ya chama chetu ni moja, na niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: pesa haitoki mpaka wote sita waseme ndiyo. Mmoja akikataa, jambo limelala. Hivyo Hassan alikuwa amelilaza. Mtu mwenye akili angelifunika blanketi. Mimi nilikaa nikaandika barua ya kumwomba Hassan, kwa heshima zote, achukue mchango wake wa miaka mitatu ajitoe, ili tubaki watano wenye nia moja. Rafiki yangu. Mtu aliyenipa jaketi la kwanza nililovaa katika baridi ya nchi hii. Barua niliikunja nikaiweka mfuko wa ndani wa koti, tayari kwa mkutano wa Jumapili alasiri.

Kwa nini mzee mzima afike huko kwa ajili ya simu zenye vumbi?

Nitasema. Mwaka 1998 niliondoka Kenya nikimwacha Nekesa mjamzito. Nilifanya kazi mbili, moja kiwandani, nikaweka pesa ya kumleta yeye na mtoto: nauli, wakili, ada za ubalozi, yote. Ilikuwa karibu kutimia. Kisha mwanzo wa mwaka 2000 kila mtu kiwandani alikuwa anazungumzia makampuni ya intaneti, na yule karani wa benki akaamka. Nilinunua hisa kwa pesa yote. Kabla mwaka haujaisha, hisa zilikuwa zimeanguka na kampuni moja haikuwepo tena hata kwa jina. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia Nekesa, nikamwambia ubalozi umerudisha makaratasi.

Alingoja miaka miwili zaidi. Alipofika, Brenda alikuwa na miaka minne, akaniita uncle.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi niliumwa, na miaka saba baadaye nikakata fimbo nikarudi vichakani kumtafuta. Magazeti yalinipa sababu nzuri nzuri, na pengine zilikuwa za kweli, lakini mimi sikuwa nawekeza. Nilitaka mojawapo ya makampuni hayo ianguke mbele yangu, mimi nikiwa nimekaa upande wa kulipwa. Nilitaka yanirudishie miaka miwili. Nekesa hakujua lolote katika hayo.

Basi ikafika jana.

Mama Sifa alikuwa ametualika kanisani kwao, kwenye ukumbi wa kukodi kule Winson Green, kwa kuwa mume wake Justin alikuwa na shukrani ya kutoa. Shukrani ya nini, Mama Sifa mwenyewe hakujua. Justin alikuwa amemnyima habari wiki nzima, anatembea nyumba nzima akitabasamu. Lazima nieleze kitu hapa. Justin hufanya kazi ajensi, kwa wakala wa vibarua. Kwetu sisi ukimwuliza mtu anafanya kazi wapi, anakujibu "ajensi", na maswali yanaishia hapo, maana leo wanampeleka bohari hili, wiki ijayo kiwanda kile, na gari la kuwachukua huja kabla jua halijatoka. Mke anajua namba ya ajensi. Jina lililo juu ya lango la kazi halijui, na mara nyingine hata mume halijui.

Ukafika wakati wa maombi. Mama Sifa akasimama, kitenge cha kijani, sauti ya mtu aliyezoea kusikika.

"Bandugu, likelemba yetu iko na kazi kubwa. Tunaomba Mungu atusaidie, bei ya ile kampani ya masimu ianguke." Akalitaja jina la kampuni herufi kwa herufi, jinsi nilivyomwandikia. "Ianguke sana, mbele ya mwezi wa tatu."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mchungaji alikohoa kidogo. Lakini lile kanisa linajua kuitika. Amina ilitoka ukumbini humo kwa nguvu ambayo sijaisikia hata wakiombea wagonjwa. Kuna bibi mmoja mstari wa mbele alirudia mara tatu, ianguke, ianguke, huku anapiga mguu chini.

Kisha akaitwa Justin.

Alikuwa na suti, na bahasha mkononi. Akasema miaka minne ajensi inamtuma huku na huku kama barua isiyo na anwani. Akasema Ijumaa aliitwa ofisini, akadhani wamemfukuza. Kumbe bohari alilokuwa anapangia mizigo tangu wakati wa joto limeamua kumwajiri lenyewe. Kazi ya kudumu, likizo ya kulipwa, jina lake kwenye kabati lake. Akafungua bahasha asome, na akasoma jina la kampuni.

Waliokuwa wametoka kusema amina wakaanza kutazamana. Mama Sifa alikuwa na mkono mdomoni. Yule bibi wa mbele akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si ndiyo ile?" Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaja mbele, kikamchukua hata Justin ambaye hakuwa ameelewa bado kwa sababu alikuwa nje akipanga tai wakati mke wake anaomba. Mchungaji ni mtu wa busara. Akasema tuombe mara ya pili, na safari hii kila mtu aangalie anachoomba.

Mimi sikucheka. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Watu wakicheka, wazo langu la kwanza halikuwa Justin. Lilikuwa: kampuni inayoajiri watu wa kudumu haijioni ikianguka, je, hesabu yangu ina kasoro? Rafiki amepata kazi baada ya miaka minne ya kuamshwa alfajiri, nami nakagua bei.

Sikuzipenda dakika zile. Bado sizipendi.

Alasiri tulikutana kwetu sebuleni. Hassan alikuja moja kwa moja kutoka msikitini na mfuko wa sambusa. Mama Sifa akaja na wenzake, na nyuma yao Justin, ambaye si mwanachama, akaomba ruhusa ya kukaa. Hakuna aliyeleta masihara ya kanisani. Nilifungua mkutano, nikaeleza pendekezo langu. Barua ya Hassan nilikuwa naisikia mfukoni kila nikivuta pumzi.

Nekesa hata hakungoja aulizwe. Akasema, "Baba Brenda ndiye anayejua mambo haya. Akisema inafaa, mimi ni ndiyo." Akaendelea kumimina chai.

Kisha Justin akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Papa Brenda, mbele bapige kura, niko na ulizo moya. Siyo ya kugombana." Aliweka ile bahasha juu ya meza, ndani yake mkataba wa kusainiwa Jumatano. "Bananiambia nisinye siku ya tatu. Nikisinya, ajensi inanitoa kwa liste, haitaniita tena. Na kama kampani inaanguka, batu bapya ndio banatoka mbele. Weye unasomaka mambo hii. Uniambie kweli, nisinye ao nisisinye?"

Watu watano walinitazama. Sita na Justin.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na jedwali, nilikuwa na kurasa nilizokata magazetini kwa miezi miwili, nilikuwa na vumbi la Hassan. Kwa pesa ya chama nilikuwa na uhakika kabisa. Sasa mtu anauliza kwa ajili ya mkate wa watoto wake, anaangalia uso wangu na si karatasi zangu, na nikatafuta ule uhakika nisiuone. Ulikuwa umekwenda wapi? Nadhani haukuwahi kuwepo. Kulikuwa na hasira tu, nami niliivalisha tai.

"Sijui," nikamwambia.

Neno dogo kiasi hicho, na lilinichukua miezi miwili kulifikia. Nikamwambia inawezekana bei ishuke, inawezekana ipande, na kwamba hata hisa zikishuka bohari linaweza kubaki, na kwamba mimi ningekuwa yeye ningesaini kwa kalamu mbili. Nikawaambia wote kwamba pendekezo langu naliondoa. Nikasema pia, na hili sikulipanga, kwamba niliwahi kupoteza pesa kwenye hisa na sikustahili kuwaongoza huko. Sikusema pesa ya nini. Nekesa aliinua uso kutoka kwenye birika.

Hassan akasema, "Basi imelala. Tule, zinapoa."

Mama Sifa peke yake hakuridhika. Alinisubiri jikoni. "Papa Brenda, wewe ulisema haraka ni juu ya mwenye duka. Ulisema hatatungoja. Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Miezi miwili nimewatisha wenzangu kwamba duka litachukuliwa, kwamba lazima tukimbie, na sikuwahi hata kumpigia mwenye duka simu. Namba yake imebandikwa dirishani, naipita kila siku nikienda kituo cha basi. Mama Sifa alitikisa kichwa taratibu, akachukua vyombo vyake akaenda zake.

Usingizi wa jana ulikuwa wa vipande. Asubuhi hii nikamsindikiza Nekesa kituoni, jambo ambalo silifanyi, kwa hiyo alijua kuna kitu. Nikamwambia pale Coventry Road, kati ya duka la mboga na kituo, manyunyu yakitupiga usoni. Nikamwambia ubalozi haukurudisha makaratasi. Ubalozi haukupata makaratasi. Nikamwambia pesa ilikwenda wapi na lini, bila kusema kila mtu alikuwa ananunua, maana sentensi hiyo nilikuwa nimeitayarisha na ikanikwama.

Hakupiga kelele. Nekesa si mtu wa kelele. Aliangalia upande basi linapotokea.

"Mama yangu aliniambia umeoa huko," akasema. "Nikagombana naye miaka miwili nikikutetea."

Basi likaja, akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili.

Nilirudi nyumbani nikaichana barua ya Hassan vipande vidogo. Nikafuta na ile akaunti niliyofungua kwa dalali wa mtandaoni, haikuwa na pesa bado, Mungu ni mwema. Kisha nikakaa hapa na chai.

Nilidhani ningejisikia nimebomoka. Naogopa, ndiyo. Sijui jioni Nekesa atarudi na uso gani, na haki yake aje na wowote. Lakini kuna mzigo ambao nimeubeba tangu Brenda hajaniona kwa macho, na leo haupo mgongoni. Kama ni wa kugombaniwa, tutaugombania ukiwa mezani, tunauona sote wawili.

Mchana nimeangalia bei. Mazoea ni kama upele. Imeshuka, tena si kidogo. Kama tungenunua Ijumaa, leo ningekuwa shujaa, na Mama Sifa angeniitia shangwe kanisani. Nilingoja nione kama nitajuta. Badala yake nikajikuta nahesabu siku mpaka Jumatano, naiambia ile kampuni kimoyomoyo isimame, ijishike, ina mtu wetu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini simu imelia.

Ni Nekesa, akiwa mapumziko. Nyuma yake nasikia mashine ya kusafisha zulia. Hakusalimia.

"Yule mwenye duka umempigia?"

"Bado."

"Mpigie. Mwambie Jumamosi tunakuja kuona ndani. Nataka kupima mwenyewe, sitaki mtu anipimie. Na yale ya asubuhi hatujamaliza, Baba Brenda. Hata hatujaanza."

"Najua."

"Nitauliza maswali."

"Uliza yote."

Akakata.

Nimempigia mwenye duka. Ni mzee wa Kipakistani mwenye sauti ya kuchoka, anasema duka limekaa mwaka mzima na hakuna anayelitaka, na kama tuna watu wa kweli na pesa ya kweli, miezi mitano hata haimtishi. Jumamosi saa nne asubuhi. Nimemwandikia Nekesa ujumbe, naye hajajibu, ila ameusoma au hajausoma, sina njia ya kujua.

Jumamosi ataenda na futi yake ya ushonaji, ile ya njano. Futi ile ni fupi na ukuta ni mrefu, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumshikia ncha ya pili na kukaa kimya akiambiwa asogee.

Nitakuwa hapo kabla ya saa nne.